Bango la Kujipakulia Pale kwa Mama Shani

Vijana wangu wa mabango ya mashine, najua mna haraka. Mtu anawatumia maneno kwenye simu, mnayapachika juu ya picha, mashine inanguruma, bango linatoka bado lina harufu, mteja analikunja kama mkeka na kuondoka. Siwalaumu. Ningekuwa na umri wenu ningefanya hivyo hivyo, na mgongo wangu leo ungekuwa mzima. Ila mmoja wenu aliniuliza juzi pale stendi ya Mikumi, "Babu, wewe darasa la nne uliliacha njiani. Hayo maneno ya Kiingereza uliyojaza kwenye kuta kutoka Kilosa mpaka Ruaha, ulikuwa unayajuaje?"

Nikamwambia nitamjibu nikipata nafasi ya kukaa. Sasa nimekaa. Jibu lenyewe ni refu kidogo, maana linapitia kwenye sufuria ya wali.

Kwanza mjue kwamba sikuwa nayajua. Nilikuwa nayaona. Herufi kwangu ni umbo. A ni paa la nyumba lenye boriti moja. H ni nguzo mbili zimeunganishwa na ubao. S ndiyo iliyonitoa jasho maisha yangu yote, kwa sababu S haina mahali pa kuegemea, ukiikosea tumbo la chini inaanguka kama mlevi. Aliyenifundisha kazi, Mzee Lukas wa Kilosa, ambaye babu yake aliletwa mjini pale na kazi ya reli, alikuwa ananikataza kabisa kusoma ninachoandika. "Usisome, Rajabu," alikuwa anasema. "Pima. Ukisoma, mkono unakimbilia mwisho wa neno kabla jicho halijafika." Akanipa ubao, akaniambia nichore jina la mji wake kichwa chini miguu juu mpaka nizoee. Watu wakipita wananiuliza kama nina akili timamu. Mzee Lukas anawajibu, "Huyo bado tunamchunguza."

Na hivi ndivyo neno linavyokaa katikati ya ukuta, maana ninyi mashine inawafanyia na siku umeme ukikatika mnabaki mmeduwaa. Unahesabu herufi zote. I unaihesabu nusu, kwa sababu ni nyembamba. M na W unazihesabu moja na nusu, zile ni mama wenye mikoba. Unatafuta herufi ya katikati, unaiweka katikati ya ukuta, halafu unachora kwenda kulia, unarudi katikati unachora kwenda kushoto. Ndiyo, kinyumenyume. Mistari unaipiga kwa uzi uliopakwa chaki, mtu mmoja anashika huku, mwingine kule, unauvuta na kuuachia, pa. Mkono wa brashi unaulaza juu ya fimbo yenye kitambaa kichwani, usiguse rangi mbichi. Na ukiwa kando ya barabara kuu hapa Mikumi, fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, kabla malori ya Zambia hayajaanza kukumwagia vumbi. Nimewahi kumaliza bango la duka la dawa saa saba mchana, ikapita semitrela, bango jeupe likawa la kahawia. Mwenye duka akasema nimwachie tu, amelipenda.

Mnaona, nimeshatoka njiani. Turudi kwenye Kiingereza.

Kiingereza kilikuja na wageni wa mbugani. Zamani mwenye nyumba ya kulala wageni alikuwa anaridhika na "Karibu Wageni". Mara kila mmoja anataka maneno ya Kiingereza, na hajui ayapate wapi, anakupa kwa Kiswahili anakwambia, "Fundi, ligeuze." Mimi nageuza kwa kuulizia. Namuuliza huyu neno hili, namuuliza yule neno lile, naunganisha kama fundi baiskeli anavyounganisha spea za baiskeli mbili. Kuna baba mmoja Kilosa alitaka iandikwe mapokezi: karibu, jisikie uko nyumbani. Nikaulizia "jisikie", nikaambiwa ni "feel", na hiyo "ji" nikaambiwa ni "yourself". Nikamchorea "FEEL YOURSELF AT HOME", herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kazi safi ambayo hata leo ningeichora vilevile upande wa rangi.

Akapita Mwalimu Tausi. Huyu alikuwa anafundisha Kiingereza sekondari, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, mpole, lakini akiona kosa la Kiingereza mahali anasimama kama aliyesahau kitu nyumbani. Alisimama.

"Fundi Rajabu, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu."

"Rangi ni nzuri sana."

Nikajua pana tatizo. Mwalimu akianza kukusifu rangi, maneno yana ugonjwa.

Hakunicheka, ninyi sikilizeni hapo. Alichukua kipande changu cha chaki, akachuchumaa, akaandika kwenye sakafu ya saruji. Akaniambia Kiswahili kinaificha ile "ji" ndani ya kitenzi, na ni ile ile kwa kila mtu: najipenda, unajipenda, wanajipenda. Kiingereza kinaitoa nje, kinaiweka nyuma ya kitenzi, na kinaivalisha nguo ya mwenyewe: mimi ni "myself", wewe ni "yourself", ninyi mkiwa wengi ni "yourselves", wao ni "themselves". Ukiivalisha nguo ya mwingine watu wanageuka kutazama.

"Halafu kuna mtego," akasema. "Si kila 'ji' ya kwetu inavuka kwenda kule. Sisi tunasema kujifunza, wao wanasema 'learn', basi, hakuna 'myself'. Kujificha, 'hide', inatosha. Kujisikia, 'feel'. Na wao wana za kwao ambazo sisi hatuna 'ji'. Kuwa na adabu, wao ni 'behave yourself'. Starehe, ni 'enjoy yourself'. Inabidi uulize kitenzi kimoja kimoja, Fundi, kama unavyouliza watu majina."

"Na huyu wa kujisikia nyumbani?"

"Huyo wanasema 'make yourself at home'. Jifanye uko nyumbani."

"Kwa hiyo ile ya kujisikia wameikataa, wakaichukua ya kujifanya?"

"Wameikataa wao. Mimi sipo."

Nikafuta nikaandika upya. Tangu siku hiyo sikuandika "yourself" yoyote bila kupita kwake, na ndiyo maana kuta zangu ziko salama. Ukiacha ile moja ya Mikumi, ambapo Mwalimu alinipa "ENJOY YOURSELF" iliyo sahihi kabisa, mimi nikaweka ENJOY juu, nikahesabu herufi za YOURSELF, nikaanzia katikati, na katikati ya ukuta palikuwa na dirisha. YOUR ikabaki upande huu, SELF ikaenda upande wa pili, dirishani anachungulia mpishi. Mwalimu alipoiona akasema kwa Kiingereza ni neno moja, haliachani. Nikamwambia basi tumtoe mpishi.

Sasa Mama Shani.

Mama Shani alikuwa na hoteli ya chakula hapa Mikumi, upande wa barabara inayoshuka kwenda Kidodi. Mzaliwa wa Tindiga, mtoto wa wakulima wa mpunga, na wali wake ulikuwa unautambua kabla hujafungua mlango. Mume wake alikuwa amefariki, mtoto wake Shani bado anasoma. Mabasi yalikuwa yanasimama kwake. Halafu kikafunguliwa kituo kikubwa cha mafuta mbele kule, chenye vyoo vya vigae na chipsi, mabasi yote yakahamia. Ukienda kwa Mama Shani saa sita mchana unakuta meza zimefutwa zinang'aa na mwenyewe amekaa anapepea inzi ambao nao walikuwa wachache. Alishaanza kuuza viti. Nilivyoona viti vinatoka kimoja kimoja nikajua hoteli ile haimalizi kiangazi.

Ndipo akaja Deo. Deo alikuwa kijana wa kampuni moja ya kutembeza watalii, shati limenyooka, kalamu mfukoni. Alikuwa anatafuta mahali pa kudumu pa kuwalisha wageni wake mchana wakitoka mbugani, na kile kituo cha mafuta hakukitaka, alisema wageni hawajasafiri mbali kote huko waje kula chipsi. Akaonja wali wa Mama Shani, akamaliza sahani, akaongezwa, akamaliza tena. Mwisho akasema, "Mama, nitakuletea watu. Ila iwe bufee. Chakula kinakaa mezani kwenye hotpoti, kila mtu anajisevia. Na wewe usisimame pale mezani, wageni wanapenda uhuru. Weka bango la Kiingereza wajue. Nitaanza na kundi moja la majaribio. Likila likashiba na kuondoka kwa wakati, msimu mzima ni wako. Likileta malalamiko, mama yangu, sitaweza kurudi."

Mama Shani akaniita. Nilimkuta ametandika kitambaa cheupe mezani anakinyoosha na viganja, anakinyoosha tena palipokwisha kunyooka.

"Fundi, andika hapo juu ya meza wajipakulie."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa hicho hicho." Halafu akasema polepole, kama anaongea na kitambaa, "Hivi wewe umeshawahi kumwachia mgeni wako sufuria ajipakulie?"

"Mimi sijawahi kushika sufuria, anashika mke wangu."

"Na yeye?"

"Angenikimbia."

Akacheka kidogo. "Basi andika. Shida haina adabu."

Mwalimu Tausi akanipa "PLEASE SERVE YOURSELF". Akaisoma mara mbili, akaridhika. Nikapima ukuta, hapakuwa na dirisha, nikachora kwa bluu, herufi za kimo cha kiganja. S zilikuwa tatu, na zote zilisimama. Mpaka leo nikilala nikifikiria kazi zangu, zile S tatu zinanijia.

Kundi la majaribio likaja. Sisi tulitegemea wazungu. Wakashuka wazee wa Tindiga.

Kumbe kikundi cha wakulima wa mpunga kilikuwa kimejichangisha kwenda kuwaangalia tembo wakiwa kwao, maana wamezoea kuwaona kwenye mashamba yao. Kofia, vitenge vipya, fimbo. Wamekwishazunguka mbugani tangu alfajiri, wana njaa. Mimi nilikuwa pale kwa sababu herufi moja ilikuwa imedondosha tone na nilikuwa naliondoa na kitambaa cha tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Wazee wakasalimiwa, wakanawa mikono, wakakaa. Wakakaa vizuri, mikono mapajani, wakisubiri.

Chakula kipo mezani, hotpoti zimefunuliwa, mvuke unapanda unapita kwenye bango langu. Mama Shani yuko jikoni nyuma ya pazia kama alivyoagizwa. Deo amesimama mlangoni. Hakuna anayenyanyuka.

Baada ya muda mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Labda wali haujaiva."

"Umeiva, unanukia."

"Basi wanatuonyesha tu."

Miongoni mwao alikuwamo mzee aliyekuwa karani huko nyuma, akavaa miwani yake akatazama juu. Akasoma kwa Kiingereza, halafu akawatafsiria: "Wanasema tafadhali ujipakulie mwenyewe."

Bibi mmoja mkubwa wao, Bi Hadija, aliyekuwa amekaa mwanzo wa meza na mkongojo wake, akageuza shingo. "Nijipakulie? Mimi nimekuja kwa mtu, niinuke, nifunue sufuria yake, nichote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

"Na aliyeandika ana mama?"

Mimi nikaendelea kusugua lile tone. Lilikuwa limekwisha kutoka.

Wakaanza kusukumizana. "Nenda wewe, ndiye uliyekuwa unalia njaa tangu Kilosa."

"Niende mimi wa kwanza mkanisimulie Tindiga nzima? Fulani alivyovamia hotpoti?"

"Nenda bwana, hatutasema."

"Mkwe wangu amekaa hapo. Nijipakulie mbele ya mama mkwe?"

Yule mama mkwe akatazama dirishani kwa heshima zote, kumsaidia asionekane. Wengine wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokwishaumia. Muwaelewe. Mgeni wa kwetu hawezi kuwa wa kwanza kugusa kijiko cha kupakulia. Si kwamba hajui bufee ni nini, wengine harusini walishaiona. Ila harusini wenye shughuli wamejipanga pale wanasema karibuni, karibuni. Hapa hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta. Bi Hadija ndiye aliyelisema: "Chakula tumeonyeshwa. Hatujakaribishwa."

Deo akatazama saa. Akapita nyuma ya pazia, na mimi nikamfuata, sijui kwa nini, nilikuwa bado nimeshika kitambaa cha tina. Mama Shani alikuwa amesimama ameshikilia meza ya jikoni, macho yamejaa. Alikuwa amesikia kila neno. Watu wa kwao, lafudhi ya kwao.

"Mama, hawali," Deo akasema. "Wakiondoka hivi mimi naandika nini ofisini?"

"Ulisema nisitoke."

"Nilisema."

"Wale ni wazazi wangu, Deo. Hapo wananiona nimewakimbia."

Hakungoja ruhusa. Akajifunga upya kitenge, akatoka, akaenda mpaka mbele ya Bi Hadija, akapiga magoti kidogo. "Shikamooni wazazi wangu."

"Marahaba," wakaitikia wote kwa pamoja, na mle ndani pakapumua.

"Mtoto wa nani wewe?" Bi Hadija akauliza.

Akamtaja baba yake. Bi Hadija akasema aliwahi kulima jirani na shamba lao, na kwamba baba mtu alikuwa mbishi lakini mpunga wake haukuwa na magugu. Mama Shani akachukua sahani, akachota wali kijiko kimoja kilichojaa, akaweka, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Karibu, Bibi. Kijiko cha kwanza ni changu. Kilichobaki ni chenu, chukueni mnavyopenda." Na kile kijiko cha kupakulia akakitia mkononi mwake.

Bi Hadija akakitazama. Halafu akaongeza wali, akaongeza nyama, akaongeza mchuzi, akarudi kwenye nyama. "Sasa tumekaribishwa," akasema.

Vijana, wazee wale walisimama kama waliopigiwa kengele. Kila anayefika, Mama Shani anamwekea kijiko kimoja na neno la karibu, kisha anamwachia ajichotee. Yule mwenye mama mkwe alikaribishwa mara mbili, akajipakulia mlima, mkwe wake akamwambia, "Kula mwanangu, usinione." Waliondoka kwa wakati. Bi Hadija aliomba ukoko akaondoka nao kwenye mfuko.

Deo alibaki amekaa na sahani yake. Akasema, "Mama, kwa hawa sawa. Lakini wazungu ukiwapakulia wewe watadhani unawapimia. Atafikiri ndiyo mwisho wake, ataona aibu kuomba, ataondoka na njaa, ataandika kwenye mtandao."

"Kijiko kimoja kinamtisha mtu?"

"Asipoelewa, kinamtisha."

"Basi aelezwe," Mama Shani akasema. "Ila mimi nyuma ya pazia sirudi. Nikirudi kule, hata ukiniletea mabasi kumi, hiyo si hoteli yangu tena."

Deo akafikiri. Hakuwa kijana mbaya, alikuwa na wakubwa zake tu. Akasema kundi la wageni linakuja wiki ijayo, na kama bango linaweza kumweleza mtu akaelewa kabla hajafika kwenye wali, atajaribu mara moja. Wote wawili wakanitazama mimi. Nami nikaenda kumtafuta Mwalimu Tausi.

Nilimkuta anasahihisha madaftari. Nikamsimulia yote, hata lile la aliyeandika ana mama. Hapo ndipo alipocheka, akavua miwani akafuta macho. Halafu akawa mtu wa kazi. Akasema lile la kwanza halikuwa na kosa, "serve yourself" ni Kiingereza safi, ila linaongea kama agizo, kama kibao cha ofisini. Liko lingine, "help yourself". Hilo ndilo mwenye nyumba wa kule anamwambia mgeni wake akiwa ameshamfungulia mlango. Linatoka mdomoni mwa mtu.

"Yote mawili yana 'yourself'?"

"Yote. Tofauti ni nani anayesema."

Akaniandikia: "THE FIRST SPOON IS FROM US. AFTER THAT, PLEASE HELP YOURSELF." Halafu akasita juu ya neno la mwisho. Kundi ni watu wengi, akasema, ingeweza kuwa "yourselves", na yote mawili hayana kosa. Akaniambia nimuulize mwenye hoteli anamwambia nani. Nikaona Mwalimu amechoka madaftari, swali gani hilo. Nikaenda nikamuuliza.

Mama Shani hakuona ni swali la ajabu. "Kwenye sufuria wanafika mmoja mmoja," akasema. "Mwambie mmoja."

Nikafuta bluu yangu, na zile S zangu tatu, nikachora upya mistari miwili. Maneno yalikuwa mengi, ukuta ni ule ule. Nilipunguza herufi mpaka zikaenea. Chini nikaweka kwa Kiswahili: Kijiko cha kwanza ni chetu. Nafasi ikabaki ya pambo, nikaacha wazi.

Wageni wakaja. Mama Shani mbele ya meza, kitenge cha sikukuu. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mnene, shingo imeiva kwa jua. Akasimama, akasoma kwa sauti. Akamtazama Mama Shani, akakiona kijiko. Akatabasamu, akashika sahani kwa mikono miwili na kuinyoosha mbele kama mtoto wa chekechea. Mama Shani akamwekea. "Karibu." Yule bwana akangoja, akaonyesha hotpoti kwa kidole, kama anayeuliza. Mama Shani akampa kijiko. Nyuma yake mstari mzima ulishaelewa. Kila mmoja akainyoosha sahani yake, wengine wakijaribu kusema "karibu" wao kwa wao. Deo alikuwa nje ya dirisha anapigapiga ukuta na kalamu yake. Badala ya viti vilivyouzwa vilinunuliwa vingine kabla kiangazi hakijaisha.

Sasa ni leo. Mimi mkono wangu umeanza kutetemeka, hata fimbo haiutulizi, nimewaachia kazi. Mzee Lukas tulishamzika. Mwalimu Tausi amestaafu yuko Morogoro kwa mwanawe. Mama Shani miguu inamsumbua, anakaa nyumbani Ruaha, hoteli anayo Shani, na imekua, ina vigae. Vigae havishiki rangi yangu, ukuta wangu ukabanduliwa, Shani akatuma maneno ya mama yake kwa simu kwa mmoja wenu. Simtaji, anajijua.

Nilikwenda juzi kula. Nikaliona bango. Zuri, linang'aa, lina picha ya sufuria kubwa inayotoa moshi, imechukua karibu bango zima. Pembeni imeandikwa "HELP YOURSELF". Herufi ziko sawa, neno halijaachana. Mstari wa kwanza haupo. Nilimuuliza yule kijana baadaye, kwa upole, akaniambia, "Babu, nafasi haikutosha."

Nikachukua sahani, nikasimama mbele ya hotpoti. Watu nyuma yangu. Nimeandika maneno yale kwa mkono wangu, najua yanasema nini, na sikuweza kugusa kijiko. Nilisimama tu kama wazee wa Tindiga. Nilisikia pazia la jikoni, Shani akatoka anafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Akachota kimoja, kilichojaa, akaniwekea. "Karibu," akasema, akanipa kijiko, akaenda kwa wa nyuma yangu, na wa nyuma yake. Hakutazama bango hata mara moja.

Basi, ninyi wa mashine. Kiingereza ulizeni, wenye kukijua wapo na hawaumi. Na mtu akiwapa maneno yake yasipoenea, msikate mstari. Punguzeni sufuria.